Jina Kwenye Gemu la Mabomu

Habari ya kifo cha Bi Mwanahawa ilinikuta nacheza gemu. Nalisema mapema, kabla hamjaanza kunihurumia. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Tegeta, saa nne asubuhi, miguu juu ya stuli, simu mkononi, nikipanga peremende za rangi moja tatu tatu ili zipasuke. Ni gemu la bure, wala halihitaji kupakuliwa. Unafungua ukurasa wa mtandao, linaanza. Watoto wangu wananicheka kwamba mama yao, mwanamke mzima aliyestaafu, ana magemu mengi kuliko wao, nami huwajibu kwamba wenzangu wana vikoba vyao vya kuweka akiba, mie nina peremende. Nina maoni yangu juu ya kila moja. Hilo la peremende ni gemu la kinafiki: linakusifu hata ulipobahatisha, linakupigia makofi kama mtoto aliyeota jino. Lile la kupasua mapovu ni zuri, ila kila ukipumua wanakuwekea tangazo. La shamba nililiacha ndani ya wiki moja, maana lilinidai nikamwagilie mahindi kila baada ya saa mbili, nikichelewa yananyauka, na mimi wasiwasi wangu mwenyewe unanitosha. Nilijikuta kanisani katikati ya mahubiri nikiyawaza mahindi yasiyokuwepo. Basi ujumbe wa Rukia ukashuka juu ya kioo: "Dada Eli, mama ametutoka alfajiri. Maziko leo baada ya alasiri, huku Segerea." Niliusukuma pembeni kwa kidole, nikapanga peremende tatu za njano, zikapasuka, ndipo nilipoelewa nilichosoma.

Kuna gemu moja tu nisilolicheza, na linapatikana bure kila mahali mpaka leo. Ni lile la mabomu. Unapewa uwanja wa vijisanduku, chini ya baadhi yake kumefichwa mabomu. Ukigusa kimoja kisicho na bomu, kinakuonyesha namba, na namba hiyo inakuambia majirani zake wangapi wana mabomu. Unapiga hesabu, unaweka kibendera pale unapopashuku, unasonga mbele, na saa inahesabu sekunde pembeni. Ukikosea mara moja tu, uwanja wote unalipuka. Mimi naliona ndilo gemu la kweli kuliko yote niliyowahi kucheza, kwa sababu halikubembelezi na linakuambia ukweli wote unaohitaji, kama una akili ya kuusoma. Katika mwaka mmoja wa ujana wangu nililicheza mpaka nikawa naota namba. Mwaka huo nilikuwa mpangaji wa Bi Mwanahawa huko Temeke, tena mpigachapa chini yake katika shirika moja la umma pale Chang'ombe, lililokuwa likitengeneza ndoo na makarai. Alikuwa mkuu wangu mchana na mwenye nyumba wangu jioni.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita na ukumbi katikati, mitaa michache nyuma ya soko. Mimi nilikaa chumba cha tatu kushoto, yeye na binti yake Rukia, aliyekuwa darasa la sita, walikaa cha nne. Kuta hazikufika bati, kwa hiyo aliyepiga chafya chumba cha kwanza aliombewa afya na cha sita. Nilijifunza kulala na maneno ya watu wengine. Asubuhi Bi Mwanahawa aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, "Mwanangu, maji ya chai yamechemka," nami nikatoka na kikombe changu, nikampa shikamoo, akanipa marahaba na vitumbua viwili, au mihogo ya jana iliyokaangwa upya. Sikuwahi kumuomba. Alisema mpangaji asiyekula kwake anamtia mkosi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye vidole vyembamba visivyofanana na mwili wake, na vidole hivyo vilipokaa juu ya taipureta watu wa masjala walikuja kusimama mlangoni wasikilize. Alipiga bila kutazama, huku akizungumza na wewe kuhusu bei ya nazi.

Kwenye kila barua iliyotoka shirikani, chini kushoto, kulikuwa na herufi za jina la aliyeisema na herufi za aliyeipiga. Bi Mwanahawa alikuwa na utaratibu wake: mpigachapa mgeni, kwa muda wote anaojifunza, barua zake zinatoka na herufi za mkuu wa chumba. "Kosa likitokea niitwe mie," aliniambia siku ya kwanza, "weye hujajua bado namna ya kuitwa." Kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima nilipiga barua zangu na kumalizia na herufi zake. Nilizizoea kuliko zangu. Alipoipitia kazi yangu na kukuta kosa, aliweka nukta ya kalamu ya risasi pembeni, wala hakusema neno, na nilikuwa naogopa nukta ile kuliko sauti ya mkurugenzi.

Kisha ikaja habari ya kuuzwa. Shirika lilikuwa linatafutiwa mwekezaji, na kabla mwekezaji hajaja lazima watu wapunguzwe. Neno ridandansi lilianza kusikika kwenye foleni ya chai, watu wakilitamka polepole wasije wakaliita. Wapigachapa wawili wazee waliondoka mwanzoni, tukabaki sisi wawili katika chumba cha meza nne. Halafu ikaletwa kompyuta moja. Meneja utumishi alituita akatueleza waziwazi, na namshukuru kwa hilo, kwamba chumba chetu kitabaki na kiti kimoja. Atakuja mtaalamu wa tathmini baada ya miezi mitatu, atatupima wote wawili juu ya ile mashine, atakayefaa atabaki. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Bi Mwanahawa alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi. Tulitoka ofisini kwa meneja bila kutazamana, tukarudi kukaa, naye akaingiza karatasi na kaboni kwenye taipureta, akapiga mistari kama miwili, akasimama.

"Haya," akasema, "weye ulisoma ile kozi. Utanifundisha?"

"Nitakufundisha, Bi Mwana."

"Hata kama kiti ni kimoja?"

Nikamjibu kwamba atapima Mungu. Lilikuwa jibu la kijinga, lakini lilimtosha, au alijifanya limemtosha.

Kompyuta ilitengewa chumba cha peke yake, chenye kiyoyozi, na amri ilikuwa kwamba viatu vinavuliwa mlangoni kwa sababu ya vumbi. Tukawa tunakaa mbele yake peku, kwa adabu, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Wiki ya pili Bi Mwanahawa alikuja na kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa sindano, akaifunika. Taipu haikumpa taabu, vidole vilikuwa vyake vilevile. Taabu ilikuwa mausi. Aliishika kwa kiganja kizima akaiburuta kama pasi ya mkaa, na ilipofika ukingoni mwa meza aliendelea nayo hewani, huku akikilaumu kile kimshale kwa kukataa kumfuata. Ukimwambia abonyeze mara mbili, alibonyeza, akatulia, akafikiri, akabonyeza tena. Mwezi mzima ulipita hivyo. Mimi nilikuwa nikihesabu siku kwa ajili yake, na nikirudi chumbani kwangu jioni nikizihesabu kwa ajili yangu, na sikujua zipi zilikuwa zikinitisha zaidi.

Kwenye kozi mwalimu wetu alikuwa ametufundisha mausi kwa gemu la karata lililokuja bure ndani ya mashine. Nikamfungulia Bi Mwanahawa. Alipoona mzungu wa nne, yule mfalme, na malkia, akasukuma kiti nyuma.

"Karata? Astaghfirullah! Mie nikacheze karata kwenye mali ya serikali?"

"Si kamari, Bi Mwana. Hakuna pesa, hakuna mwenzio wa kumla. Unazihamisha tu, mkono uzoee."

"Na akiingia mtu?"

"Tunasema tunajifunza. Si kweli tunajifunza?"

Alikubali kwa sharti kwamba hatacheza, atahamisha tu. Na kweli, hakuwahi kujali kama amemaliza au amekwama. Alichukua karata kutoka hapa akaipeleka pale, taratibu, midomo ikitembea, akiiachia mahali pake halisi, na ikikaa sawa alisema, "Kaa hapo, mzee." Mimi nilisimama nyuma yake nikiumia, kwa sababu naona karata nyekundu inayosubiri na yeye haioni. Maoni yangu kuhusu gemu lile ni yaleyale tangu siku zile: mara nyingi umeshindwa tangu zilipogawanywa, na halina heshima ya kukuambia. Lakini lilimfundisha. Kufikia mwezi wa pili mausi ilikuwa inamsikiliza, na siku moja aliniita nimwone akichagua aya nzima, akiikata na kuibandika mahali pengine bila mausi kuvuka ukingo wa meza. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Jioni ile, kupitia juu ya ukuta, nilimsikia akimwambia Rukia, "Hawanipunguzi mamako. Mtoto yule kanifundisha, Mungu ampe." Rukia akauliza, "Na yeye je, mama?" Bi Mwanahawa akasema, "Yeye kijana." Nililala macho yakitazama bati.

Sasa nije kwenye langu. Saa ya chakula cha mchana Bi Mwanahawa alikwenda kuswali msikiti wa jirani, kule upande wa wanawake, kisha akapitia sokoni, na chumba cha kompyuta kilikuwa changu. Nilianza na karata nikachoka nazo. Kisha nikakuta gemu la mabomu. Siwezi kueleza vizuri ni nini kilinishika. Pengine ni kwa kuwa mwaka ule kila kitu kilikuwa kimefichwa, nani anabaki, nani anaondoka, mwekezaji ni nani, na hapa kulikuwa na uwanja mdogo ambao ukiusoma vizuri haukudanganyi. Mikono ilikuwa inatoka jasho, niliifuta kwenye sketi. Nilikosa kula. Nilianza na uwanja mdogo, nikaja wa kati, nikaja ule mkubwa wa mabomu tisini na tisa, na wiki za kwanza nililipuka kila mara. Kisha nikaanza kumaliza. Ukimaliza kwa muda bora kuliko wote waliotangulia, mashine inafungua kijisanduku inakuomba jina, ili iliweke kwenye orodha ya mabingwa.

Mara ya kwanza kijisanduku kile kilipofunguka, kilikuwa tayari na neno la Kiingereza lenye maana ya mtu asiyejulikana. Ningeweza kuliacha lilivyo, nibonyeze, niende zangu. Lakini mchezaji yeyote anayesoma hapa ananielewa: huwezi kushinda halafu ukaacha ushindi bila mwenyewe. Vidole vilikuwa vimeshaanza. Nikaandika Mwanahawa. Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba ilikuwa heshima, kwamba mkono wangu ulishazoea kumalizia kazi kwa herufi za mkubwa, kama kwenye barua. Kuna ukweli humo. Lakini nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu, E, nikaifuta. Niliogopa. Niliwaza, akija mtu akaliona jina langu hapa, kiti kimekwenda. Wala sikuwaza lake likionekana itakuwaje, au niliwaza nikapita haraka. Baada ya hapo, kila nilipouvunja muda wangu niliandika jina lilelile. Mwisho lilikaa kwenye nyanja zote tatu, ule mdogo, wa kati na mkubwa, na kule kwenye mkubwa lilikuwa na sekunde mia moja arobaini na moja. Hata leo naitaja namba hiyo na kifua kinanitanuka kidogo, Mungu anisamehe.

Siku moja kabla ya mtaalamu kufika, mchana, nilikaa mbele ya orodha ile. Kulikuwa na kitufe cha kuifuta yote. Nilikijua tangu mwanzo. Nikapeleka kimshale mpaka juu yake, nikakiacha pale. Nilijiambia hakuna mtaalamu atakayekuja kutoka mjini na shati lake lililonyooshwa akafungue magemu. Atapima barua, atapima majedwali. Nilijiambia nitafuta kesho asubuhi. Ukweli ni kwamba sikuweza kuiachia ile mia na arobaini na moja. Nilifikiri sitaipata tena maishani. Nikafunga gemu, nikakirudisha kitambaa cheupe, nikavaa viatu.

Mtaalamu alikuwa kijana, labda mkubwa kwangu kwa miaka mitano, mwenye kalamu mbili mfukoni na adabu nyingi. Alimpa Bi Mwanahawa shikamoo kabla ya kumpa karatasi ya mtihani, na Bi Mwanahawa alimwitikia huku akivua viatu akivipanga ukutani. Tulipewa barua ileile ya kurasa mbili yenye jedwali, kila mtu kwa zamu yake. Mimi nilianza. Nilikosea mara mbili kwenye jedwali, nikalirudia. Kisha akakaa yeye. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilisikia tangu ukurasa wa kwanza kwamba amenishinda. Ilikuwa sauti ya siku zile za taipureta, haikatiki, na ilipofika kwenye jedwali alishika mausi kwa vidole vitatu, polepole, akaweka kila kitu mahali pake. Mtaalamu alitazama karatasi ilipotoka kwenye printa, akaigeuza, akatabasamu. "Mama, wewe umeanza kompyuta lini?" Bi Mwanahawa akasema, "Mwaka huu huu, baba. Amenifundisha huyu." Akanionyesha kwa kidevu. Nilitabasamu. Nilijua nimepoteza kazi. Nilianza kupanga nitamwandikia nani barua ya kuomba kazi nyingine, na kama nitaweza kubaki kwenye kile chumba.

Mtaalamu aliniambia nikae nimwonyeshe mafaili yaliyomo kwenye mashine, yamepangwaje. Nikamwonyesha. Alikuwa ameinama nyuma ya bega langu. Halafu, kwa sauti ya mtu anayefanya mzaha, akasema, "Fungua hapo kwenye magemu tuone." Wakati ule ndipo nilipomtambua: mchezaji humjua mchezaji mwenzake, na alijua pa kwenda. Nikafungua karata. "Siyo hizo. Mabomu." Nikafungua. "Orodha ya mabingwa." Mkono wangu ndio ulioifungua, si wa mtu mwingine.

Aliisoma yote. Akapiga mluzi mdogo. "Mia na arobaini na moja. Mimi sijawahi kushuka chini ya mia mbili." Kisha uso wake ukabadilika, nikaona amekumbuka yuko kazini. Akageuka. "Mama, samahani. Hili jina ni la nani?"

Bi Mwanahawa alisogea, akavaa miwani yake, akainama mbele ya kioo. Hakuwahi kuuona uwanja ule wala orodha ile. Alisoma mistari yote mitatu.

"La kwangu," akasema.

"Muda huu haupatikani kwa siku moja, mama. Hii ni kazi ya miezi. Saa za shirika hizi."

"Jina ni langu, baba," alirudia. "Nimeshasema."

Nilisubiri anitazame. Miaka mingi nimejidanganya kwamba angenitazama mara moja tu ningesimama nikasema, huyu hajui hata gemu lenyewe linafunguliwaje, ni mimi. Hakunitazama. Alivua miwani akaikunja, akaenda mlangoni akavaa viatu vyake, kiatu cha kushoto kikamsumbua kidogo, akaegemea ukuta mpaka kikaingia. Mtaalamu akaandika kwenye karatasi yake. Nami nikabaki nimekaa kwenye kile kiti kimoja. Barua zetu zilitoka baada ya wiki mbili na yake ilikuwa ya ile rangi ya barua za kupunguzwa, tuliyoijua sote.

Jioni ya siku alipopewa barua nilikaa chumbani taa imezimwa, ingawa maghrib ilikuwa haijatimia vizuri, nikijifanya sipo. Nilimsikia akimwambia Rukia, "Nimeacha kazi. Macho yamechoka na kile kioo." Rukia akauliza maswali mengi, kuhusu shule, kuhusu sare, naye akamjibu yote kwa sauti ileile ya kawaida. Kesho yake asubuhi ukuta uligongwa kama siku zote. Maji ya chai yalikuwa yamechemka na vitumbua vilikuwa viwili. Lakini hakusema mwanangu. Alisema, "Dada Eliwaza, chai." Nilidhani nimesikia vibaya. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata. Aliniita dada, kwa heshima kabisa, kama anavyoitwa mpangaji aliyehamia jana, na aliendelea kunilisha. Kila asubuhi nilitoka na maneno yamekaa tayari kwenye ulimi, na kila asubuhi nilikunywa chai nikaondoka kwenda kukaa kwenye kiti chake. Wenzangu pale kazini walinipongeza. Nilianza kupata maumivu ya tumbo, daktari akaniambia nipunguze pilipili.

Alitamka jambo lile mara moja tu. Ilikuwa siku ninahama, miezi miwili baadaye, baada ya kumwambia uongo kwamba nimepata chumba karibu na dada yangu Kinondoni. Alikuwa uani anakuna nazi, kakalia mbuzi, nazi inadondokea kwenye sinia. Nilisimama na begi langu nikasema, "Bi Mwana, kuna jambo nataka nikuambie." Hakuacha kukuna.

"Uliliandika vizuri," akasema. "Mara tatu zote. Hukukosea hata herufi."

Nikafungua mdomo. Akaninyanyulia sinia nimpelekee jikoni, nikalipeleka, na niliporudi alikuwa ameingia chooni kutawadha. Nilisubiri kidogo. Mkokoteni uliokuwa na kitanda changu ulikuwa unaniita barabarani. Niliondoka.

Tulionana tena mara nyingi, na hapo ndipo pananichoma. Harusini kwa Rukia nilikuwepo, na Rukia alipojenga Segerea na kumchukua mama yake nilikwenda kila Idi na kilo za mchele. Alinipokea vizuri. Tulizungumza habari za magoti na sukari. Kwa miaka yote hiyo niliona kuna wakati, na kila mara palikuwa na wageni, au chakula kilikuwa kimeiva, au alionekana amechoka. Shirika lenyewe lilishakufa, mwekezaji alipanga magari pale tulipokuwa tunatengeneza ndoo, na mimi nilishaajiriwa kwingine mara mbili kwa ujuzi wa ile mashine, nikastaafu.

Nilifika Segerea saa nane. Wanaume walikuwa chini ya turubai nje, wanawake ndani na uani, masufuria ya pilau yameshawekwa juu ya mafiga. Rukia, ambaye sasa ana mvi zaidi yangu, alinikumbatia akasema kwa majirani, "Huyu Dada Eli ndiye alikuwa na mama kazini. Ndiye aliyemfundisha kompyuta." Wakanipa nafasi kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba, kama ndugu. Mwanamke mmoja akaniuliza marehemu aliachaje kazi, maana walisikia alikuwa hodari. Rukia akajibu kabla yangu, "Macho." Nilimshika mkono. Nilitaka nimwambie palepale, na nikaona uso wake ulivyovimba kwa kulia, nikaona huo utakuwa ukatili mwingine juu ya ule wa kwanza. Au pengine niliogopa tena, sijui, mimi na woga tumekaa pamoja muda mrefu kiasi kwamba sitofautishi sauti yake na ya huruma.

Jeneza lilipokuwa linataka kuondoka, mjomba wa Rukia alishika kipaza sauti pale nje, na ndani tukanyamaza. Akashukuru kwa niaba ya familia. Akasema marehemu alikuwa binadamu kama sisi, ameishi na watu, amefanya kazi na watu, na binadamu hakosi kukosea. Akasema, ikiwa yupo yeyote hapa ambaye Bi Mwanahawa aliwahi kumkosea, kwa neno au kwa kitendo, familia inamwomba amsamehe, ili aende mwepesi. Akauliza kwa sauti kubwa, "Mmemsamehe?" Nilingoja aulize na upande wa pili, wa sisi tuliomkosea yeye. Hakuuliza, si desturi. Wanaume nje wakaitikia, na wanawake waliokuwa kwenye mkeka wakaitikia, na Rukia alikuwa amenishika mkono akinitazama kwa yale macho mekundu, anasubiri na mimi.

"Tumemsamehe," nikasema.